Mume wangu Mturuki anataka kuacha kazi ya tamthilia atengeneze filamu yake, kuna maisha huko kweli?

*"Habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Istanbul, huu mwaka wa nne. Mume wangu ana miaka 31, amesomea sinema na ni msaidizi wa mwongozaji kwenye tamthilia za TV. Ametengeneza filamu fupi mbili kwa hela zetu wenyewe, ya pili ikachukuliwa na tamasha moja Ulaya, hakushinda ila walimsifia sana. Tangu arudi amebadilika, anasema tamthilia zinamuua, anataka aache kabisa aandike filamu yake ndefu ya kwanza, na kila nikimuuliza tutakula nini ananitajia Nuri Bilge Ceylan. Mama mkwe analia, baba mkwe anasema bora angesomea uinjinia. Nyumbani Tanga wao wanajua tuna hela maana tamthilia za Kituruki ndo zimejaa kwenye TV. Juzi kuna kampuni imemletea mkataba wanunue skripti yake. Nimsapoti au nimzuie? Ana future kweli au tunajidanganya?"*

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, maana filamu fupi iliyotengenezwa kwa hela za nyumbani ikafika tamasha la Ulaya si jambo dogo, na najua wewe ndo ulibana matumizi ya nyumba ili ifike. Swali lako naliona lina vitu vitatu vimefungwa kitambaa kimoja: je shemeji ana uwezo, je Uturuki ya sasa inampa njia mtu kama yeye, na je nyumba yenu itasimama vipi wakati yeye anatafuta. La kwanza siwezi kukujibu bila kuona kazi yake, ila tamasha kumchukua ni dalili nzuri, tusiidharau na tusiifanye ahadi. Haya mawili mengine ndo kazi yangu ya kila siku, kupitia bajeti na maombi ya fedha za filamu za kwanza, kwa hiyo hapo tuongee kwa kirefu.

Tuanze na huyo Ceylan maana ndo amekuwa kama mtu wa tatu ndani ya nyumba yenu. Vijana wengi wanaotaka kuongoza filamu Uturuki wanamtaja, na wengi wanakumbuka mwisho wa hadithi tu, yaani 2014 pale tamasha la Cannes, Ufaransa, alipochukua Palme d'Or, tuzo yao kuu. Mwanzo wake ni huu. Amezaliwa 1959, na mwambie baba mkwe hili atalipenda, alisomea uinjinia wa umeme chuo kikuu cha Boğaziçi. Akawa mpiga picha, kazi ya kulipwa. Filamu yake fupi ya kwanza ilitoka 1995, ana miaka 36. Filamu ndefu ya kwanza, Kasaba, ikatoka 1997, akiwa na 38, na aliipiga kule Yenice mkoa wa Çanakkale alikokulia, akiwa na watu wachache sana, wazazi wake wakaigiza, hadithi ikatoka kwa dada yake. Uzak, ile iliyomtambulisha duniani Cannes 2003, sehemu kubwa kaipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe Istanbul na binamu yake akiwa mmoja wa waigizaji wakuu. Sasa ukiyaweka pamoja unaona mtu ambaye hakuacha kazi akakaa kusubiri hela, alikuwa na ufundi unaomlisha na akatengeneza filamu ambazo hazikuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kwa sababu ziligharimu kidogo. Kwa hiyo shemeji akisema "Ceylan", we mjibu sawa, tufanye kama Ceylan, na hapo mtakuwa mnaongea kitu cha maana. Ana miaka 31 tu, hajachelewa hata kidogo. Emin Alper naye, anayeheshimika sana sasa hivi, filamu yake ndefu ya kwanza ilitoka 2012 anakaribia miaka 38, na alikuwa mwalimu wa chuo mwenye PhD ya historia.

Kitu cha pili kinachowachanganya watu ni tuzo na matamasha. Watu wanadhani tamasha linalipa. Kwa filamu fupi malipo ni madogo au hakuna kabisa, mara nyingine unalipia hata ada ya kutuma. Tamasha linatoa kitu kingine, linatoa jina lako kwenye orodha ambayo maprodyuza na watu wa mifuko ya fedha wanaisoma, na jina hilo lina muda wake, usipoonekana na mradi mpya ndani ya mwaka na nusu au miwili wanakuwa wameshapata wengine. Ndo maana shemeji amerudi na haraka vile, hajachanganyikiwa, haraka yake ina sababu. Kosa lipo kwenye kudhani haraka ya kuandika mradi maana yake ni kuacha mshahara.

Sasa nikueleze filamu ya kwanza inavyopata hela Uturuki, kwa sababu hapa ndo familia nyingi zinaumia bila kuelewa kimetokea nini. Wizara ya Utamaduni na Utalii ina ruzuku, na kuna fungu maalum la filamu ndefu ya kwanza. TRT, shirika la utangazaji la serikali, tangu 2019 wana mpango unaitwa 12 Punto ambapo skripti zinashindanishwa na zilizoshinda zinapata ubia au kununuliwa mapema. Tamasha la filamu la Istanbul lina soko lake la miradi, Köprüde Buluşmalar, lipo tangu 2006, pale vijana wanakutana na maprodyuza wa nje. Halafu kuna Eurimages, mfuko wa Baraza la Ulaya ambao Uturuki ni mwanachama tangu 1990, huo unataka ubia na nchi nyingine mwanachama, kwa hiyo lazima prodyuza wa Ujerumani au Ufaransa au Ugiriki hivi aingie. Hakuna mfuko hata mmoja hapo unaotosha peke yake. Unapata kidogo huku, unakipeleka kama ushahidi kule, wa kule anasema nitatoa kama wa tatu naye atatoa, na huu mzunguko unakula miaka miwili, mitatu, mara nyingine mitano.

Na miaka ndo adui, kwa sababu ya lira. Chukua mfano wa hesabu tu: mtu mwenye lira milioni moja mwanzoni mwa 2021 alikuwa na kama dola laki moja na thelathini na kitu. Hiyo hiyo milioni moja mwisho wa 2023 ilikuwa kama dola elfu thelathini na nne. Mfumuko wa bei rasmi ulifika asilimia 85 Oktoba 2022. Sasa kamera na lenzi zinaagizwa kutoka nje kwa hiyo bei ya kuzikodi inaifuata dola, mafuta ya magari ya seti vilevile, chakula cha watu hamsini kwa wiki tano kinapanda kila mwezi, wakati ruzuku uliyopewa imeandikwa kwenye karatasi kwa lira za siku ile. Mwongozaji anasherehekea kupata hela mwezi wa tano, anapofika kupiga picha mwaka unaofuata zimebaki nusu ya nguvu yake, hapo ndo anakopa kwa baba, anauza gari, anaweka kadi ya benki ya mke. Nakuambia hili ili ujue ukiona mwongozaji kijana amefilisika Uturuki si lazima awe mzembe, inawezekana alipanga vizuri kabisa ila alisubiri sana.

Hela za serikali nazo zina mkono nyuma yake. Emin Alper huyo huyo, filamu yake Kurak Günler ilienda Cannes 2022, halafu wizara ikataka ruzuku irudishwe pamoja na riba, ikisema skripti ilibadilishwa. Watazamaji waliijibu kwa kwenda kununua tiketi kwa wingi, jambo lililonigusa sana, ila si kila kijana atapata umma wa namna hiyo. Mwaka 2015 tamasha la Istanbul liliiondoa kwenye ratiba filamu moja ya dokumentari kuhusu wapiganaji wa Kikurdi kwa sababu haikuwa na cheti cha usajili, waongozaji wengine wakaondoa filamu zao kwa mshikamano. Mwaka 2023 tamasha la Antalya, la zamani kuliko mengi nchini, lilifutwa lote kwa mgogoro wa dokumentari moja. Na prodyuza Çiğdem Mater alihukumiwa miaka 18 jela mwaka 2022 kwenye kesi ya maandamano ya Gezi ya 2013, moja ya tuhuma ikihusu filamu ambayo hata haikutengenezwa. Siyasemi haya nikutishe, na sijui shemeji anaandika nini. Nasema uliza anaandika nini, kaa naye akusomee, kwa sababu mada ya filamu ndo inaamua aombe mlango upi. Hadithi ya baba na mwana kwenye duka la samaki inaweza kwenda wizarani. Hadithi inayogusa jeshi, Wakurdi, mashoga au dini kwa jicho kali, bora ijengwe tangu siku ya kwanza kwa hela ambazo hazitarudishwa kwa amri.

Haya, tuje kwenye tamthilia anazosema zinamuua. Kwenye hili yuko sahihi zaidi ya mnavyodhani. Hizo tamthilia ambazo ndugu wa Tanga wanaziona Azam zimetiwa sauti ya Kiswahili na kukatwa vipande vifupi, Uturuki kwenyewe kipindi kimoja ni masaa mawili na zaidi, na kinapigwa kwa wiki moja! Yaani kila wiki wanatengeneza urefu wa filamu nzima. Mwaka 2010 wafanyakazi wa seti waliandamana kabisa kulalamikia urefu huo, na bado urefu upo. Msaidizi wa mwongozaji ndo anaamka wa kwanza kulala wa mwisho, na watazamaji wakipungua tamthilia inakatwa baada ya vipindi vichache, kazi imeisha hivyo. Utajiri wa zile tamthilia kuuzwa nje unakaa kwa kampuni na mastaa wakubwa, wa seti haumfikii, waambieni ndugu ukweli huo mapema kabla maombi ya hela hayajawagombanisha.

Lakini kuchoka na kuuawa kipaji ni vitu viwili, na hapa simuungi mkono shemeji. Seti ya tamthilia inamfundisha mtu kupanga siku ya kazi, kuongea na mwigizaji aliyechoka, kujua eneo lipi litapigwa kwa saa moja na lipi linataka nusu siku, na mwongozaji wa filamu ya bajeti ndogo asiyejua hayo anachoma hela zake zote wiki ya kwanza. Pale pale ndo anapata kameramani wake, mtu wa sauti, fundi taa, watu ambao baadaye watamfanyia kazi kwa malipo kidogo kwa sababu wameshinda naye kwenye baridi. Msimu wa tamthilia unaanza Septemba unaisha Juni hivi, kiangazi kinakuwa na nafasi, waigizaji wazuri wako huru na vifaa vinapatikana kwa bei ya kuongea. Kwa hiyo njia ninayoiona inafaa ni kufanya msimu mmoja, kuruka mmoja, au kuingia tamthilia ya platifomu ya mtandaoni kama Netflix, yenye vipindi nane vya dakika arobaini na tano badala ya ile ya kila wiki. Aache utumwa wa kila wiki, asiache fani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii ya ubunifu, na naomba umsomee yeye mwenyewe. Angalia filamu za kwanza za Uturuki zilizotoka miaka hii ya karibuni zikasikika. Azra Deniz Okyay, Hayaletler, alishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji kwenye tamasha la Venice, Italia, 2020: Istanbul, umeme umekatika, siku moja. Selman Nacar, İki Şafak Arasında, 2021: ajali kiwandani kwa familia, kati ya alfajiri mbili. Murat Fıratoğlu alipata tuzo maalum ya majaji kwenye kitengo cha Orizzonti Venice 2024, filamu ya mfanyakazi anayekausha nyanya juani kule Siverek, siku moja, na mwongozaji kaigiza mwenyewe. Unaona? Siku moja, eneo moja, dunia ambayo mwongozaji anaijua hadi harufu yake. Bajeti ilivyobana wao wakaibana na hadithi, na huko kubana kukawapa kasi na presha ambayo hela nyingi zisingewapa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeiga theluji na ukimya wa Ceylan. Hilo nalisema kwa sababu skripti nyingi za vijana zinazonifikia mezani ni za mwanaume msomi anayerudi kijijini kwa baba yake, anatembea, anaangalia dirishani, na yule aliyeifanya hadithi hiyo kwa ukamilifu bado yupo hai na bado anafanya kazi. Shemeji amekulia wapi? Amewahi kufanya kazi gani kabla ya chuo? Kaoa mwanamke wa Tanga na anaishi naye Istanbul, kuna nini kwenye ofisi za uhamiaji, kwenye meza ya mama mkwe, kwenye simu zako za usiku na nyumbani ambacho mwongozaji mwingine wa Kituruki hawezi kukijua hata akifanya utafiti mwaka mzima? Simlazimishi afanye filamu yenu, namuomba tu atafute kile ambacho ni yeye peke yake anakijua kisha akiandike kiweze kupigwa kwa siku ishirini na watu kumi na tano.

Kuhusu Netflix na wenzake, kwa kifupi tu. Mara nyingi wanaagiza kazi kupitia kampuni zenye jina, mara chache sana kwa mtu wa filamu ya kwanza, wanapenda kuchukua haki zote, na tangu 2019 platifomu zinahitaji leseni ya RTÜK, mamlaka inayosimamia utangazaji, kwa hiyo uangalizi upo huko pia. Na majumba ya sinema yameporomoka, tiketi zilizouzwa Uturuki zilikuwa zaidi ya milioni 70 mwaka 2017, mwaka 2023 zikawa milioni thelathini na kitu, na nyingi ni za vichekesho na filamu kubwa. Başka Sinema, mtandao wa majumba ya sinema, upo tangu 2013 kwa filamu kama atakayofanya yeye, na nawashukuru, ila hautalipa kodi yenu ya nyumba. Filamu ya kwanza msiihesabu kama biashara, iwekeni kwenye mahesabu ya nyumba kama hela iliyotoka, ikirudi chochote ni heri.

Sasa ule mkataba. Dada, asisaini kwanza. Sijauona, kwa hiyo sisemi hiyo kampuni ni mbaya, ila kuna maneno lazima myatafute: je wananunua skripti moja kwa moja au wanalipia haki ya kuishikilia kwa muda? Kama ni muda, ni miezi mingapi, na ukiisha inarudi kwake bila kulipa chochote? Je imeandikwa kwamba yeye ndo ataongoza, au wanaweza kumpa mtu mwingine? Je malipo yapo kwa lira tu bila kurekebishwa na mfumuko, maana malipo ya awamu ya mwisho yakija baada ya miaka miwili yatakuwa hela ya soko la wiki. Mtu anayeanza akiuza skripti yake ya kwanza bila kipengele cha kuongoza, ameuza tiketi yake ya kuingilia. Tafuteni wakili wa haki miliki pale Istanbul, ana kwa ana, alipwe saa moja aisome. Vyama vya waongozaji na waandishi na chama cha wafanyakazi wa sinema na TV navyo huwa wanaelekeza watu, aende ofisini kwao aulize.

Na wewe ufanye nini. Umeuliza umsapoti au umzuie, mimi naona ukimzuia atabaki nyumbani mwili tu, na ukimsapoti bila mpaka utamchukia baada ya miaka miwili, nimeona ndoa zikienda hivyo. Kaeni chini mkubaliane mambo ya kuandikwa: kodi, chakula na hela unayotuma kwa mama Tanga havigusiki, akiba ya miezi sita ya kodi ipatikane kwanza, iwe kwenye sarafu isiyoyeyuka, hakuna mkopo kwa jina lako, na skripti iwe imekamilika na kupelekwa kwenye soko moja la miradi kabla hajaacha msimu wowote. Aweke lengo analoweza kulisimamia yeye, mfano rasimu ya tatu ikifika mwezi fulani, asiweke lengo la kushinda kitu maana hilo linaamuliwa na watu wengine. Mimi ningempa miaka mitatu ya namna hiyo, nusu kazi nusu filamu. Baada ya hapo kama hakuna prodyuza aliyeingia, apige ile ndogo ya siku ishirini kwa hela iliyopo, au mkae tena muongee upya.

Prodyuza ndo mtu anayekosekana kwenye barua yako, hujamtaja kabisa. Shemeji asitafute hela kabla hajapata prodyuza kijana mwenye njaa kama yake, aliyeshafikisha hata filamu moja mwisho. Aende Köprüde Buluşmalar na Antalya kama wakifungua, na tamasha la Sarajevo kule Bosnia, ambako Uturuki imo kwenye kanda wanayoishughulikia, akae kwenye kahawa asikilize nani anaongea vizuri kuhusu filamu za wengine.

Kuna mstari mmoja umeupitia haraka, ule wa kwamba amebadilika tangu arudi. Baada ya tamasha watu wengi wanaanguka moyo, wiki nzima umeitwa mwongozaji halafu Jumatatu unabeba koni za kuzuia magari barabarani. Ikiwa ni hasira na kulalamika, itapita akianza kuandika. Ila kama halali, hali, amejifungia, au anaongea kama mtu asiyeona sababu ya kuendelea kuishi, acheni habari za filamu kabisa mwende hospitali kumuona daktari wa afya ya akili wiki hii hii, usimsubirie amalize skripti. Na kama makaratasi yako ya ukaazi yanategemea kipato chake, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, maana kuyarekebisha mapema ni rahisi kuliko baada ya muda kuisha.